Upande wa Jua: Pa Kukaa Bwawani Mwezi wa Nne

Pasaka iliyopita mlienda bwawani vijana saba, na fimbo mpya za kuvulia, na ile mashine ya kuonyesha samaki kwenye simu, na biskuti za kulisha kambi nzima. Mkarudi kwenu Ganshoren na mafua. Mireille, mtoto wa dada yangu, akaja kukaa jikoni kwangu amejifunga blanketi, akaniuliza, "Tonton, tulikosea wapi?" Nikamuuliza mlikaa wapi. Akasema mlikaa pale penye parking. Bon. Nimecheka siku mbili. Sasa nimemaliza kucheka, nitawajibu, na Mireille ndiye anayeandika, maana vidole vyangu vimekakamaa kwa maji baridi ya miaka ishirini na moja. Ameniambia atakinyoosha Kiswahili changu kiwe cha kitabu. Nimemwambia asikinyooshe sana, msije mkafikiri ni padri anayewahubiria.

Kwa asiyenijua, mimi ni Papa Mwansa wa pale nyuma ya Chaussée de Wavre, huku Matonge, mtaa wa Wakongo wa Bruxelles, na kazi yangu ilikuwa kukalisha watu. Basi dogo la bosi wangu, Monsieur Armand, lilikuwa linachukua wastaafu wa Bruxelles na kuwapeleka kusini, mwendo wa saa moja na nusu, mpaka kwenye bwawa kubwa. Wakishuka, mimi ndiye ninayesema: wewe kaa hapa, wewe pale, wewe maman njoo huku penye matete. Watu wa Matonge walizoea kuniita mvuvi, lakini fimbo yangu mwenyewe niliishika mara chache sana. Mimi nilikuwa nachagua mahali, na mahali pakiwa pabaya hakuna fimbo itakayokuokoa, hata uinunue ya bei ya pikipiki.

Bwawa kubwa linadanganya. Unafika, unaona maji mpaka macho yanachoka, unafikiri samaki wamejaa kila pahali. Hapana. Mwezi wa tatu na wa nne, sehemu kubwa ya maji yale ni friji tupu. Samaki amekaa chini miezi minne bila hamu ya kula, na sasa anatafuta kitu kimoja, joto kidogo. Donc mimi nikifika naanza kwa kufuta. Pale karibu na ukuta wa bwawa, maji marefu, nafuta. Ile pembe ya mawe inayopigwa na upepo wa kaskazini, nafuta. Penye parking nafuta kwa furaha, kwa sababu kelele za milango ya magari samaki anazisikia kuliko ninyi. Mwishoni zinanibakia ghuba mbili tatu ndogo, maji ya magotini mpaka kiunoni, chini matope meusi, ukingoni matete makavu ya mwaka jana. Matope meusi yanakunywa jua. Hapo ndipo naanza kufikiri.

Na alfajiri lala. Wazee wa Kibelgiji watakuambia mvuvi wa kweli anaamka kabla ya kuku. Mwezi wa saba, sawa, nitawaunga mkono. Mwezi wa nne alfajiri ni wakati maji yamepoa kuliko saa zote za siku, na samaki yuko kitandani kama wewe ulivyotakiwa kuwa. Fika saa nne, kunywa kahawa yako, anza saa tano. Kazi yote inafanyika kati ya saa sita mchana na saa kumi. Nilipowaambia hivyo wateja wangu wa kwanza waliniona mvivu. Baadaye wake zao ndio walionishukuru.

Kuhusu ile mashine yenu sisemi ni mbaya. Miaka yangu ya mwisho kazini alikuja injinia mmoja kijana na boti lake, na kioo cha kuonyesha samaki kikubwa kama televisheni. Akaona samaki wengi chini kabisa, karibu na ukuta. Akafunga boti juu yao akakaa saa sita. Jioni ananiita kwa hasira, ananionyesha kioo: tazama, wako hapa, kwa nini hawali? Nikamwambia, monsieur, na mimi usiku niko kitandani, ukiniletea sahani ya fufu sitaamka. Ile mashine inakuonyesha samaki yuko wapi. Haikuambii kama anataka kula. Siku hiyo hiyo bibi mmoja wa miaka themanini, niliyemkalisha kwenye maji ya magotini na funza wake wa kawaida kwenye ndoano, alipata brème nane. Brème ni yule samaki bapa, mpana kama sahani. Yule bibi alikuwa anambusu kila mmoja kwenye paji la uso kabla ya kumrudisha majini. Kurudisha samaki majini, hilo nalo lilinichukua mwaka mzima kulizoea. Mara ya kwanza nilipoona mtu anaachia samaki wa kilo tatu nilitoa sauti, walidhani nimejichoma.

Haya yote nayasema kifua mbele, na nina haki. Lakini siku yangu kubwa ya kwanza katika kazi ile, siku iliyokuwa iamue kama mke wangu atakuja Ulaya au hatakuja, niliwakalisha watu upande mbaya wa bwawa zima. Na niliwakalisha kwa maringo.

Nianzie kwetu. Mimi nilikulia Mwadingusha, Katanga, kwenye ziwa la barrage, maji yaliyozuiwa kwa ajili ya umeme wa migodi. Aliyenifundisha ni tonton Kapya, kaka ya mama yangu, mtu mfupi, mkali, ambaye hakupenda kurudia jambo. Miezi ya baridi, wa sita na wa saba, wavuvi wengine wakirudi mikono mitupu, yeye alirudi na samaki. Siri yake aliniambia mara moja tu. "Mutoto, weka mugongo kusini. Jua litakutazama usoni, na samaki ataliona pamoja na weye." Maana yake tukae ukingo wa kusini, tutazame kaskazini, kwa sababu siku za baridi jua linapita upande wa kaskazini na kupasha maji ya mbele yetu kutwa. Nilijaribu miaka na miaka, haikunidanganya hata siku moja. Nikaiweka kichwani pamoja na Baba Yetu na jina langu.

Nilipofika Bruxelles niliosha sahani miaka minne, chini ya ardhi, kwenye mgahawa wa Chaussée d'Ixelles. Feza, mke wangu, alikuwa amebaki kwetu Likasi na watoto wetu wawili. Kila Jumapili baada ya misa nilienda kwenye duka la simu pale Chaussée de Wavre, wakati ule WhatsApp haijakuja, nanunua kadi, naingia kwenye kibanda cha kioo. Ananiuliza kazi inaendaje, nami najibu ni salama tu. Ça va. Baridi je? Ça va. Wakubwa wa kazi wanakutendea vizuri? Ça va, ça va. Nilimwambia mimi ni chef wa jikoni. Nilimwambia chumba changu kina dirisha zuri, na kweli dirisha lilikuwepo, lilitazama ukuta. Sikuwa natafuta ubaya. Nilitaka alale usingizi. Lakini kila nikigusa habari ya yeye kuja, Feza ananijibu, "Tutaona." Nilidhani anaogopa baridi. Na hata angekubali, sikuwa na contrat ya kudumu, mkataba wa kazi usio na mwisho, na bila contrat ya kudumu karatasi za kuwaleta familia zisingepita.

Ndipo siku moja Monsieur Armand alikula pale mgahawani, akauliza nani amesafisha samaki wake vizuri hivyo. Mpishi akaniita juu. Nikapanda na aproni yangu iliyolowa, na kwa kuwa aliniuliza nilijifunzia wapi, nikajibu: nimezaliwa kwenye bwawa, samaki namjua kuliko ninavyojua kusoma. Armand alikuwa amechoka nyonga, hawezi tena kuzunguka ukingoni na wateja. Akanichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Akaniambia wazi kwamba kuna kundi la wastaafu sita wa tramu za Bruxelles wanaokuja kila mwaka mwanzo wa mwezi wa nne. Wakiridhika, wanarudi mpaka vuli na wanaleta marafiki. Siku yao ndiyo itakuwa mtihani wangu. Nikifaulu, contrat ya kudumu. Nikishindwa, narudi kwenye sahani. Jumapili ile nilimwambia Feza kazi mpya tayari ni yangu. Ça va.

Siku ikafika, mbingu safi, baridi inauma masikio. Hapo sikuwa bado najua ile habari ya kulala alfajiri, kwa hiyo saa mbili asubuhi tulikuwa tumeshafika. Armand alibaki kwenye kibanda chake cha maboti juu ya ukuta, na darubini yake na kahawa yake. Nikawachukua wazee wangu sita mpaka ukingo wa kusini, chini ya kilima cha misonobari. Jua lilikuwa linatoka kuume kwetu, kama inavyotakiwa. Nikawapanga kwa mstari, migongo kusini, nyuso kaskazini, nikawaambia wavumilie kidogo, jua likipanda litakuja mbele yetu na samaki watalifuata. Nikaongeza kwamba mimi nimezaliwa kwenye bwawa. Mkubwa wao, Jef, dereva wa tramu wa zamani mwenye kofia ya sufi, akasema yeye amezaliwa ghorofani juu ya duka la mikate na hajawahi kujua kuoka.

Saa tatu, kimya. Saa nne, kimya. Maboya sita yamesimama juu ya maji wala hayatikisiki. Nikabadilisha chambo, funza kwa mahindi, mahindi kwa mkate. Nikawaambia bado kidogo. Saa tano Jef akaniuliza kwa upole kama kule kwetu huwa tunavulia ndani ya friji. Nikacheka naye, nikageuka kubadilisha chambo tena.

Karibu na saa sita nikaona jambo lililonitoa jasho kwenye baridi ile. Nyasi za miguuni mwetu bado zilikuwa nyeupe kwa barafu ya usiku. Ng'ambo, upande wa kaskazini, nyasi zilikuwa kijani, na mama mmoja anayetembeza mbwa alikuwa amevua koti amelibeba mkononi. Nikatazama mbele kulitafuta jua. Halipo. Nikatazama juu. Halipo. Nikageuka. Lilikuwa nyuma yangu, juu ya misonobari, na kivuli cha kilima kimelala juu ya maji yetu, pale pale penye maboya yetu.

Kumbe huku jua linapita kusini! Miaka minne niko Ulaya, sikuwahi kuliona. Asubuhi nashuka chini ya ardhi, nikitoka giza limeingia, na siku ya kupumzika mawingu yamefunika mji mzima. Kila alichonifundisha tonton Kapya kilikuwa kweli, kwa watu wa kusini mwa ikweta. Huku ni kukigeuza ndani nje kama shati. Mbelgiji hawezi kukosea hivyo hata akiwa amelewa, atakosea mengine. Kosa lile lilimtaka mtu wa Katanga hasa, tena aliyefundishwa vizuri.

Nikakumbuka kipimajoto. Armand alinipa kimoja, kimefungwa kwenye uzi, nikakitia mfukoni kwa dharau, nikijiambia mimi napima maji kwa mkono. Nikakitoa, nikakitumbukiza. Sept degrés. Saba! Sasa nisikilizeni, hiki kipande ni cha kazi: kipimajoto cha uzi ni cha bei ya sandwichi mbili, na kina thamani kuliko mizigo yenu yote. Kishushe kwenye kila ghuba, kiache ukihesabu mpaka mia, usome. Usitafute maji ya moto, mwezi wa nne hayapo. Tafuta tofauti. Ghuba iliyozidi nyingine kwa digrii mbili tu imeshawaita samaki wote wa jirani.

Basi nimesimama pale na saba yangu mkononi. Niwaambie siri ya kazi yetu. Kila mkalishaji wa watu ana sentensi moja ya kujifichia: leo samaki hawana njaa. Inaaminika, haina aibu, na hakuna wa kuipinga, maana samaki hasemi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuisema. Nikiwahamisha wazee sita na viti vyao na masanduku yao, Armand ataona kwenye darubini msafara mzima, atajua nilikosea tangu asubuhi. Nikinyamaza, ni siku mbaya tu, siku mbaya inampata kila mtu, labda contrat itapona. Nilimuona Feza. Nilisikia "tutaona" yake.

Halafu nikamtazama yule mdogo wao, mzee mwembamba asiyesema, ambaye jina lake hata sikulishika. Mikono yake yote miwili alikuwa ameitia kwapani. Midomo imekuwa ya zambarau. Hakulalamika, alikuwa anatazama boya lake tu na kungoja, kwa sababu niliwaambia jua litakuja. Alikuwa ananiamini, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikawaambia, "Messieurs, nimekosea. Mimi natoka nchi ambayo jua linapita upande mwingine. Nimewaweka kwenye kivuli tangu asubuhi. Tuhame, tafadhali."

Jef alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. Kisha akatuambia kwamba katika miaka yake yote kwenye tramu alikosea njia mara moja tu. Reli ilipogawanyika akaingia laini isiyo yake, na abiria wamejaa. Angeweza kusimama akaomba msamaha. Badala yake aliona haya, akaendelea, kituo baada ya kituo, mpaka mwisho wa laini ya watu wengine, na abiria wanamgongea kioo njia nzima. Alipomaliza kusimulia alikuwa ameshakunja kiti chake. Wenzake wakacheka wakakunja vyao. Nikaleta boti, nikawavusha watatu watatu, na kila nikipiga kasia najua darubini iko mgongoni kwangu.

Ng'ambo nilipima ghuba tatu. Ya kwanza huit, nane, ya pili neuf, tisa, ya tatu, ile ndogo yenye matete na matope meusi, onze. Kumi na moja! Nikarudia nisiamini. Nikawakaa... nikawakalisha hapo, karibu karibu, jua usoni, migongo kaskazini. Mireille anataka kufuta pale ulimi wangu ulipoteleza, nimemkatalia. Sikuwa nimewasha sigara ya kwanza boya la yule mzee mwembamba likalala ubavu, likazama.

Ngojeni, kabla sijawaambia Armand alisema nini, niwape la upepo na la kina cha maji, nisije nikasahau nikifika kwenye mambo yangu.

Upepo una sura mbili huku. Ule wa kaskazini-mashariki, mkavu, unaokausha midomo, ukimbie, jifiche nyuma ya kilima au miti, mradi kilima kisikuzibie jua. Ule wa kusini-magharibi, wa unyevu, ukivuma siku mbili tatu mfululizo, unasukuma maji ya juu yaliyopata joto mpaka kwenye kona ya ng'ambo, kaskazini-mashariki. Hapo nenda, hata kama utapigwa usoni na kofia itaruka. Mara nyingi niliona wateja wamejificha kwa raha upande uliotulia na samaki wote wako upande wa mawimbi.

Na tazama mawe ya ukingoni kabla hujafungua sanduku. Bwawa si ziwa la Mungu, kuna mtu anafungua na kufunga. Mawe yakiwa makavu mpaka kwenye maji yenyewe, maji yanapanda, na yakipanda yanameza nyasi mpya zenye minyoo. Samaki wanakuja mpaka miguuni pako, usitupe ndoano mbali. Ukiona mstari wa mawe yaliyolowa juu ya maji na siku haina mawimbi, maji yanashuka. Hapo samaki anashtuka, anarudi kwenye mkondo wa mto wa zamani uliolala chini ya bwawa. Mto ulipita wapi? Muulize mzee yeyote wa kijiji cha jirani, mnunulie bia moja, atakuonyesha na mto na nyumba ya bibi yake iliyofunikwa na maji. Na wale samaki wenye meno, brochet na wenzake, masika wanazaa, sheria inawalinda. Akikuingilia kwa bahati mbaya mfungue taratibu, mrudishe, usimpige hata picha.

Bon. Turudi.

Saa kumi na moja niliwarudisha kwenye ukuta wazee sita wenye mashavu mekundu, wanabishana nani alipata brème mkubwa, wote wanasema uongo. Yule mwembamba alinishika mkono muda mrefu. Armand alikuwa amekaa mlangoni pa kibanda, darubini shingoni. Akaniambia nikae. Nilikaa.

Akasema, "Nilijua uko upande mbaya tangu saa mbili na robo."

Nikamuuliza kwa nini hakuniita. Nilikuwa na hasira kidogo, siwafichi.

"Wote ninaowaajiri wanakosea upande, kila mtu kwa sababu yake," akasema. "Mimi nilitaka kuona utakaa huko mpaka saa ngapi. Wawili waliokutangulia walikaa mpaka jioni."

Akanimiminia kahawa, akaniambia Jumatatu nilete kitambulisho na picha mbili za contrat. Kisha akaniuliza lile jua la Katanga linapita wapi hasa, nikamchorea kwa kijiti mchangani, ikweta na kila kitu, na akaitazama ile michoro kwa makini. Alisema angalau kosa langu lilikuwa na sababu, ya wengine yalikuwa uvivu. Mimi nilikuwa nasikia nusu nusu. Kichwani mwangu ilikuwa Jumapili.

Jumapili nilifika kwenye duka la simu kabla halijafunguliwa. Nikaingia kibandani, nikapiga, Feza akapokea. Nilikuwa nimepanga kumwambia nimefaulu, ça va, basi. Lakini habari ya kufaulu haikukubali kutoka peke yake. Ili nieleze contrat ilibidi nimtaje Jef, na ili nimtaje Jef ilibidi nitaje friji, na nikajikuta namsimulia yote: kivuli, barafu kwenye nyasi, kipimajoto nilichokidharau, haya yangu, mikono ya yule mzee kwapani. Nilipofika pale nilipogeuka nikalikuta jua la Ulaya nyuma ya mgongo wangu, Feza alicheka mpaka nikasikia mama yake anakuja kuuliza kuna nini. Na kwa kuwa nilishaanza, nikamwambia na la sahani, na la dirisha.

Kisha nikatazama mwanga mdogo wa simu nione kadi imebaki kiasi gani.

Feza akasema, "Miaka ine unaniambiaka ça va, ça va. Nilikuwa najiuliza, huyu muntu anaficha nini kule, nitakuya kukuta nini? Leo njo mara ya kwanza unaniambia ulikosea. Anza ma-papiers, baba. Nakuya."

Nililia ndani ya kibanda kile cha kioo, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, watu wanapita Chaussée de Wavre na mifuko yao ya Jumapili wananitazama, na sikuwageuzia mgongo.